Neno la Sajini

Kinuthia alimpata Sajini kwa askari mstaafu wa chuo cha polisi cha Kiganjo, pamoja na onyo: huyu mbwa anatii neno moja tu la Kiingereza, *fetch*, yaani leta. Ukilitamka sawasawa, anatoka mbio kuleta kilicho karibu. Alishaleta kofia, jembe, hata kuku wa jirani, mzima, anapiga kelele.

Mkewe Wakonyo, neno hilo lilimshinda. "Vechi!" angesema, na Sajini angepiga miayo.

"Hiyo ulimi ni ya kijijini kwenu Gakindu," Kinuthia alimcheka. "Mbwa amesoma kukushinda."

Asubuhi hiyo Kinuthia alikuwa amepeleka kahawa kiwandani. Wakonyo alikuwa jikoni akikoroga uji, simu ikiwa kwenye spika, sauti juu. Nje mjukuu wake Muriithi, ambaye hata kutambaa bado, alilala kwenye mkeka, amefungwa blanketi, Sajini kando yake. Mama yake, Lynn, alikuwa akiongea kutoka Nyeri.

"Mami, Jumamosi nakuja kufetch mtoto."

Nje kitu kilichakura vumbi.

Wakonyo akatoka. Mkeka mtupu. Kwenye vumbi, alama ndefu ya kuburutwa ilishuka kuelekea kwenye kahawa, njia aliyopita Kinuthia. Na chini ya kahawa ni mto.

"Mami? Uko?"

Akashuka, simu mkononi, matawi yakimchapa uso. Hakuna kilio. Afadhali angesikia kilio. Mto tu ndio uliovuma.

Sajini akatokea kati ya mistari ya kahawa, peke yake. Mdomoni alikuwa na soksi ndogo, imelowa chepechepe.

"Ngai, Mungu wangu! Ako wapi? Vechi! Vechi, wewe!"

Mbwa akaketi. Akapiga miayo.

"Mami, mbona unapumua hivyo?"

Amwambie nini? Wakonyo akaiweka simu kwenye sikio la mbwa.

"Lynn, sema ile neno yako ya kuchukua mtoto."

"Neno gani?"

"Sema tu, mwana wa mama!"

"Ati... *fetch*?"

Sajini akaruka, akatoweka upande wa mto. Wakonyo akamfuata hatua mbili, akasimama kusikiliza. Majani yakatikisika. Mbwa akarudi kinyumenyume, akivuta blanketi kwa fundo, na ndani yake Muriithi, mguu mmoja wazi, mkavu, amelala fofofo. Soksi ilikuwa imelowa mate tu.

"Mami, kwani kuna nini?"

Wakonyo alikuwa ameketi mchangani, mtoto kifuani.

"Hakuna kitu. Lakini hiyo Jumamosi, usikuje *kufetch*. Kuja tu umchukue."

Safari hii neno lilimtoka sawasawa. Sajini akamtazama mtoto, akainuka tena.