Mlima Mmoja Uliobaki

Usiku wa jana niliota injini ya gari langu amelazwa wodini, kitanda cha dirishani, kafunikwa shuka mpaka kidevuni, na mimi nimekaa pembeni na chupa ya uji.

Sikushangaa. Mchana kutwa nilikuwa namfikiria yeye tu. Mimi ni Shemdoe, dereva, kwetu ni milimani Usambara, na pikapu yangu ni kuukuu hata rangi yake watu wanabishania. Nyuma imeandikwa SUBIRA. Inabeba kabichi na karoti, inabeba wajawazito, na mtu akifia mjini ndiyo inayomrudisha kwao akazikwe. Sasa injini imechoka. Inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na mlimani inaishiwa pumzi. Fundi Hoza, ambaye gereji yake iko chini bondeni, alikuja juzi akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ya kutoa. Tuweke nyingine. Nitakaa na gari wiki mbili hivi."

Wiki mbili! Binti yangu Zubeda ana mimba pevu. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alisema wazi kwamba safari hii uchungu usije ukamzidia nyumbani: kovu linaweza kuachia, na hapo tunawakosa wote wawili, mama na mtoto. Hospitali yenye upasuaji iko ng'ambo ya mlima Kwengoto. Mumewe yuko machimboni. Gari jingine kijijini hakuna, na kumpandisha bodaboda kwenye tope lile ni kumuua kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipanga Ijumaa nimpeleke akakae kwa shangazi yake, jirani na hospitali. Nikiitoa injini sasa, Ijumaa sina gari. Nisipoitoa, inaweza kuzimika Kwengoto katikati, na mwanangu yumo ndani. Nililala nayo hayo, na usingizi wenyewe ulikuwa wa kuazima.

"Umekunywa uji?" namuuliza Injini.

"Uji haunisaidii." Anakohoa, anatema oili nyeusi kwenye kopo. "Shemdoe, nikwambie kitu. Nimebakiza mlima mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Tambarare nitajikongoja. Mteremko hata maiti anateremka. Lakini mlima, mmoja. Usiutumie ovyo."

"Sasa nikutoe au nikuache?"

"Unamuuliza mgonjwa kama atolewe?" anasema, na kugeukia dirishani.

Mkewe, Giaboksi, amekaa sakafuni kwenye mkeka, amejitanda kaniki. Muda wote ananitazama kama mwizi wa kuku.

"Mume wangu bado anahema," anasema, "wewe ushaniletea mchumba?"

Kweli, mlangoni amesimama injini mwingine, mgeni, katoka bandarini na vumbi la kontena. Viatu amevua, ana adabu zake. Anajieleza kwamba kwao Japani kazi yake ilikuwa kumpeleka bibi mmoja sokoni na kumrudisha.

"Nasikia mnazungumza habari za mlima," anasema. "Mlima ni nini?"

Giaboksi anasonya.

"Na huyu akitolewa," Giaboksi anaendelea, "mimi nakaa eda. Miezi minne na siku kumi sizunguki na mwanamume. Binti yako ataweza kuzuia uchungu muda wote huo?"

"Hataweza," nasema.

"Haya. Fikiri."

Muuguzi anaingia. Ni kile kijiti cha kupimia oili, mrefu, mwembamba, kavaa kofia nyeupe. Anajichomeka ubavuni mwa mgonjwa, anajichomoa, anajifuta kwa kitambaa, anajichomeka tena, kisha anajitazama.

"Chini ya alama," anasema. "Ndugu waamue leo. Mkubwa wa ukoo nani?"

"Mjomba wake," anajibu Giaboksi. "Yule lori wa ng'ambo."

"Mpigieni simu."

Wodi nzima inaguna. Mimi mwenyewe nahisi uso unanichoma. Habari ya mgonjwa mahututi aambiwe mjomba kwa simu? Mjomba mtu anaendewa! Unafika, unavua kofia, unakaa, unaulizwa za huko, ndipo unasema. Sikulelewa na nyani mimi.

"Nitakwenda mwenyewe," nasema.

"Umefanya la maana," anasema Giaboksi. Ndilo neno zuri pekee aliloniambia.

Basi naendesha. Sikumbuki kutoka wodini. Injini bado yuko kitandani, ila kitanda kiko chini ya boneti, na kwenye ndoto hilo lilitosha. Giaboksi kakaa mbele pamoja nami, mgeni wa bandarini katikati, magoti pamoja. Nyuma wamejaa maiti wote niliowahi kuwarudisha nyumbani, wamekaa vizuri, sanda zao safi. Namwona Bi Mwantumu, marehemu jirani yangu, ameshika gogo la kuzuilia tairi.

Barabara inaanza kupanda. Injini anapiga kwikwi. Bi Mwantumu anagonga paa la gari.

"Simama tushuke," anasema. "Desturi ni desturi. Mlimani abiria anatembea."

Wanashuka wote, wanatembea nyuma yangu kwenye tope, bila kelele, na kila gari likisita Bi Mwantumu anaweka gogo chini ya tairi. Nachungulia kwenye kioo. Nyuma mmebaki nafasi ya mtu mmoja, wameitandika khanga.

"Hiyo mmemwekea nani?" nauliza.

Bi Mwantumu anainama, anajifanya anatoa tope kwenye gogo.

Nilikanyaga mafuta. Na wallahi gari lilipanda! Kona ya kwanza, kona ya msikiti, ile ya mwisho yenye jabali ambalo limewaaibisha madereva wengi. Moshi ulikuwa mwingi hata mgeni alikohoa, lakini tulifika juu. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia Giaboksi, "Unamwona mumeo? Bado dume!" Alikuwa anahesabu tasbihi.

Mjomba lori tunamkuta palepale alipoachwa miaka mingi, kazama kwenye majani, mpera umeota mahali palipokuwa na injini yake. Navua kofia. Nasema shikamoo.

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, mjomba, ila mgonjwa wetu ni mahututi."

Namweleza yote. Habari za moshi, fundi Hoza, Zubeda na kovu lake, eda, mgeni asiyejua mlima. Anasikiliza bila kunikatiza. Pera moja linadondoka kwenye majani.

"Msimwondoe," anasema mwishowe. "Mimi waliniondoa injini kazi ikiwa mkononi, na mnaona nilivyo. Mwacheni. Huo mlima wake mmoja umpeleke binti hospitali. Binti akishafika salama, mtoeni kwa heshima, mke akae eda, kisha mgeni aingie. Nimemaliza."

Ewaa! Kumbe ni rahisi hivyo! Machozi yalinitoka. Giaboksi alikubali, mgeni aliinamisha kichwa, maiti walisema amina. Mzigo wote niliokuwa nao kifuani ulishuka, nikamshika mjomba bampa kwa mikono miwili nikamshukuru.

"Sasa mwanangu," anasema mjomba, "umekujaje huku?"

"Kwa gari, mjomba."

"Gari lipi?"

"Hili hapa."

"Mmepita wapi?"

"Kwengoto," nasema, na nikasikia mdomo wangu ulichosema.

Hakuna aliyenitazama. Bi Mwantumu aliliweka gogo chini, taratibu. Chini ya boneti palikuwa kimya kabisa. Giaboksi akaangua kilio, kile chenyewe cha msibani, na kilio hicho ndicho kilichoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Ukungu umejaa hata kwenye kibaraza, na baridi ya kwetu ile ya kufanya meno yagongane. Nilikaa kitandani nikajitukana. Mzee mzima kuhangaishwa na ndoto! Nilijifunga kikoi nikatoka kwenda bandani kulitazama gari, ili moyo utulie.

Lilikuwa palepale nilipoliegesha juzi. Sijaliwasha tangu fundi aondoke. Nikasema alhamdulillahi.

Kisha nikamwona paka wa Zubeda. Paka huyu haachi jiko asubuhi, kwenye bati la baridi haweki hata unyayo. Alikuwa amelala juu ya boneti, amejinyoosha chali, miguu huku na huku, anakoroma. Nikaweka kiganja kando yake.

Boneti ilikuwa ya moto.

Nilisikia mlango wa nyumba, na malapa yakiburuzwa. Zubeda alikuja akaegemea nguzo ya banda, khanga kaikaza chini ya tumbo, jasho limemtoka kwenye baridi ile.

"Baba," alisema, "umeanza. Washa gari."

Ufunguo nilikuwa nao mkononi.

"Ngoja, mwanangu," nikasema. "Ngoja paka ashuke."