Namba ya Jengo

Jumapili moja ya Januari, siku ya kazi kwao, saa mbili na nusu asubuhi, Ghaida Madanat aliingia ofisini kwao, kampuni ya kuuza gesi, ghorofa ya nne, Amman, akamkuta mwanamke mzee amekaa kwenye kiti chake, kavaa kandambili za nyumbani, mtungi mtupu wa gesi miguuni. Huyo alikuwa Umm Nayif wa mtaa wa Jabal al-Jawfa. Alikuwa jikoni kwake akiagiza gesi kwa programu ya simu ya kampuni hiyo. Ukurasa wa tatu ulimtaka jina la mtaa na namba ya jengo. Alipobonyeza mara ya saba, akajikuta hapo.

“Kiti chako hiki, mwanangu?”

“Kaa tu, mama. Umekunywa kahawa?”

“Nimekunywa. Nataka gesi. Mume wangu Abu Nayif nimemwacha kitandani, hawezi kuinuka, na hita ndiyo hiyo imezimika.”

Ghaida alikuwa meneja wa bidhaa. Ni kazi ya kuulizwa kila kitu bila kuwa na mtu hata mmoja wa kumwamuru. Aliye hodari hujua watu wanakwama wapi, kisha huenda kuwabembeleza wenye uwezo wa kuwakwamua. Ghaida alikuwa hodari. Nalisema mapema asije akalaumiwa.

Zamani gari la gesi lilipita mitaani likipiga muziki, mtu akaita kutoka dirishani. Mkurugenzi, Ustadh Tamir, aliuzima muziki huo, akaagiza mtungi usitoke ghalani bila agizo la simu. Sasa nyumba ya Umm Nayif iko kwenye ngazi zinazopanda mlimani, na kule kwenye ngazi hakuna aliyewahi kuwa na namba. Watu huelekezana kwa bekari na kwa rangi za milango, na hajapotea mtu.

Umm Nayif alijaribu kurudi kwake. Aliingia kwenye lifti, milango ikafungwa, ikafunguka, naye yuko kitini. Hadi ukurasa ukubali, haendi popote. Alishukuru akaomba blanketi.

Jioni Ghaida alibeba hita yake mwenyewe ya umeme akapanda zile ngazi. Aligonga. Abu Nayif alijibu kutoka ndani, kwa adabu, kwamba mlango una komeo na yeye miguu haimbebi. Ghaida akatafuta majirani wauvunje. Hakuwapata. Kesho yake aliwakuta ofisini, kila mmoja na mtungi wake, thelathini na mmoja kwa hesabu ya mlinzi, wakisogezeana sukari.

Alikwenda kwa Wasim, mhandisi.

“Nipe kisanduku kimoja tu cha kuandikia kwenye ukurasa ule, mtu aelekeze kwa maneno yake. Dereva atasoma.”

“Kazi ya siku mbili hiyo,” Wasim alisema. “Lakini bosi wangu kanifunga na kazi ya zawadi za pointi za wateja mpaka mwezi wa tatu. Mwone.”

Bosi wake Wasim alisema amwone Ustadh. Ustadh alimsikiliza vizuri sana. Watu wa namna hiyo husikiliza vizuri.

“Ghaida, wewe una moyo, ndiyo maana nilikuajiri. Ila mtu ambaye hajakamilisha agizo, kwetu sisi bado si mteja.”

“Wamekaa hapo nje, Ustadh.”

“Nimewaona. Waongezewe viti.”

Ghaida alirudi mezani. Aliandika ripoti, akachora picha ya kisanduku, akaituma kwa watu tisa. Wanane walimjibu kwamba ni wazo zuri. Umm Nayif alimuuliza kama kuna habari. Ghaida akasema bado, na aliona aibu kulisema.

Jumatano Abu Nayif alipapasa chini ya mto akapata simu yake ya zamani. Alijaribu kuagiza mwenyewe. Akafika pamoja na kitanda, kati ya mashine ya kuchapia na mtungi wa maji ya kunywa. Umm Nayif alimshika nyayo, zilikuwa baridi kama vigae, akazifunika kwa blanketi lake.

“Umechelewa,” alimwambia.

Ustadh Tamir alipita, akamwamkia mzee, akamuulizia afya. Kisha akatangaza kwamba tangu asubuhi hajapiga mtu simu ya malalamiko kutoka Jabal al-Jawfa, na hiyo ndiyo kazi ya meneja wa bidhaa anayejua kazi yake. Ofisi nzima ilimpigia Ghaida makofi. Wageni nao walipiga, ni watu wenye adabu zao.

Ghaida alichuchumaa kando ya kitanda, simu mkononi.

“Mzee wangu, unakaa wapi?”

“Nyuma ya bekari ya Abu Samih, panda ngazi, mlango wa kijani. Ukipotea uliza.”

Majirani waliitikia kwa pamoja kwamba ni kweli, ni pale pale. Ghaida aliandika neno kwa neno kwenye ukurasa wa tatu, akabonyeza, akangoja. Umm Nayif alikuwa amekwisha kumsogezea kiti.