Kengele za Chumba cha Kumi na Nne

Simu ya zamu ilikuwa imelala mezani tangu asubuhi bila kutoa hata mlio mmoja, na mimi sipendi kitu kinachonyamaza bila sababu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hospitali yetu ina seva ndogo kwa kila chumba cha wagonjwa; inakusanya vipimo vya mapigo na pumzi na kuvipeleka kwenye skrini ya wauguzi. Seva ikizimika, simu hiyo hulia. Siku za kawaida hulia mpaka unatamani kuitupa dirishani.

Nikamtazama Bwana Pole, mwenzangu wa zamu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Siku hizi alikuwa amebadilika. Simu yake mwenyewe ikiita, anatoka nje kunong'ona. Wakati wa chakula anapotea na kamfuko kake, anarudi macho mekundu. Na kulikuwa na kampuni inayotuzengea ituuzie mfumo wake mpya wa kengele. Huu wetu ukishindwa mbele za watu, wao wanakula, na aliyewafungulia mlango anakula pia. Mimi si mtoto. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshapanda kwa mkuu wetu kumshtaki.

"Una ushahidi?" aliniuliza.

"Nitaupata."

"Ulete kabla ya chakula cha mchana. Ukiuleta, leo hii hii anakabidhi funguo."

Nikafungua mipangilio ya kengele. Palikuwa na ruwaza mpya, ameiandika yeye jana. Ruwaza ni kama maagizo unayompa bawabu: humtajii watu wote, unamwambia tu mwenye jina la namna hii asipite. Yake ilisema seva yoyote ambayo jina lake linaanza na chumba-1, kengele yake isilie. Chumba cha kwanza kilikuwa kinapakwa rangi, hapo sina neno. Lakini mwishoni hakuweka ile alama ya dola inayosema jina liishie hapo. Basi chumba-10 mpaka chumba-19, zote zilikuwa zimezibwa mdomo. Mwanafunzi anaweza kukosea hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi hiyo alama.

"Bwana Pole, hebu njoo."

Nyaya zote hupita kwenye kabati lililo nyuma ya meza zetu. Nikashika waya wa chumba-12, ambacho siku hizi wanaweka magodoro tu, nikauchomoa mbele ya macho yake.

"Dada, unafanya nini?"

"Nasubiri kengele. Tusubiri wote."

Tukasubiri. Simu kimya.

"Mbona hailii, ndugu yangu?" nikauliza, kwa sauti tamu ya mtu aliyekwisha kumkamata mwizi. Nikamgeuzia skrini. Chumba-12 nyekundu, kama nilivyotaka. Chini yake chumba-14 nayo nyekundu, na hiyo mimi sikuigusa. Ilikuwa imezimika tangu asubuhi.

Aliikodolea macho hiyo chumba-14. Hata pole hakusema. Alitoka mbio, kiti kikaanguka nyuma yake. Mbio za mwizi hizo, nikajisemea, nami nikashuka ngazi nikimfuata, nikijua nitamwona anaelekea getini. Getini hakwenda. Alikata kushoto, akaingia wodi ya watoto njiti.

Ndani ya chumba cha kumi na nne, muuguzi alikuwa ameinamia kisanduku cha kioo, macho hayabanduki kwenye kifua cha kitoto kidogo mno.

"Skrini yetu imekufa tangu asubuhi," akasema bila kugeuka. "Tunahesabu pumzi kwa macho, kwa zamu. Tulidhani mnajua."

"Anapumua?" Bwana Pole akauliza.

"Anapumua, baba. Maziwa ya mama yake umeleta?"

Bwana Pole aliegemea ukuta.

"Mama yake yuko nyumbani, hawezi kutembea bado. Sikutaka kumwambia mtu kabla sijajua kama mtoto atabaki. Jana niliandika ile ruwaza nasinzia, dada. Nimemzibia kengele mwanangu mwenyewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaingia kwenye mfumo kwa simu yangu, nikafunga ruwaza kwa ile alama, nikaiwasha upya seva ya chumba-14. Kwenye meza ya wauguzi skrini ikawaka, mapigo yakaanza kuonekana.

Ndipo muuguzi akaniona.

"Na wewe je? Humu wanaingia ndugu tu."

"Ni shangazi yake," Bwana Pole akajibu upesi, akanipa aproni safi. "Mwache amwone."

Nikanawa mikono mpaka viwiko. Mtoto alikuwa amefumba macho, vidole amevikunja. Juu, mkuu alikuwa ananisubiri nimpelekee ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli: kengele aliziziba yeye.