Makapi ya Bi Hasna

Abdulkarimu, fundi chuma wa Katubuka, alikuwa na ugomvi na moshi. Si wa magari wala wa sigara, ni moshi wa banda la mkewe pale Ujiji, ambako Hasna amebanika migebuka, wale samaki wa ziwani, miaka ishirini na minane. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu jioni. Daktari alishamwambia waziwazi: ukiendelea hivi, itafika siku humwoni hata mumeo. Hasna akacheka, eti hiyo nayo ni hasara? Abdulkarimu hakucheka. Kila alipomkuta anajifuta machozi kwa pindo la kanga alimwuliza, "Unalia, Mama Shadia?"

"Ni moshi tu, Baba Shadia. Kaa ule."

Basi walipokuja watafiti wa chuo, wakiongozwa na binti mmoja aitwaye Melania, kutafuta fundi wa kuunda tanuri la samaki linalokula kuni kidogo na kutoa moshi wake juu kwa bomba, Abdulkarimu alikubali kabla binti hajamaliza kusema. Mwaka mzima wakahangaika. Melania alileta michoro na vipimajoto. Gasper, bwana wa kiwanda cha majiko, alileta mabati na ahadi: wabanikaji wakilipenda, kiwanda kitatengeneza matanuri mia mbili, na la kwanza ni la Hasna. Wasipolipenda, kila mtu arudi kwake.

Siku ya kuonja wakakusanyika Bangwe, wabanikaji kumi na wawili. Zikaletwa sahani mbili, moja ya samaki wa moto wa kawaida, nyingine ya samaki wa tanuri, na hakuna aliyeambiwa ipi ni ipi. Hasna akamega samaki wa sahani ya pili, akatafuna, akaacha kutafuna. Abdulkarimu alimwangalia mdomo. Alijua kwamba mkewe ameshatambua wa tanuri ni yupi. Mwanamke yule ungemfunga kitambaa usoni, angekwambia mgebuka huu umebanikwa na nani, na siku hiyo alikuwa na hasira au la.

"Huyu ameiva vizuri, tena msafi," alisema Hasna. "Lakini hana ladha. Ni samaki wa mgonjwa."

Wenzake wakaangua kicheko, wakasema kweli tupu. Zuhra, ambaye banda lake linatazamana na la Hasna, alicheka kuliko wote. Gasper akafunga daftari lake. Masikini Melania akabaki anaangalia viatu.

Abdulkarimu hakufungua kinywa mpaka walipofika nyumbani. Hapo sasa!

"Ungesema mtamu! Neno moja tu, Hasna!"

"Nidanganye watu?"

"Kwa ajili ya macho yako, ndiyo!"

"Halafu wanunue hayo matanuri, wateja wawakimbie, wasimame sokoni wakilitukana jina lako? Jina lako wewe, nami nipo nasikia?"

Abdulkarimu alitoka, chai akaiacha mezani inapoa.

Kesho yake asubuhi akamkuta Hasna amesimama mlangoni mwa karakana, gunia miguuni. Tangu waoane hakuwahi kukanyaga pale.

"Mpigie simu Melania," alisema. "Na yule bwana wa kiwanda. Na Zuhra na wenzake, wote."

"Zuhra wa nini?"

"Wewe waite."

Ijulikane kwamba kila mbanikaji wa Ujiji ana siri yake, na ya Hasna aliachiwa na mama yake. Samaki wakikaribia kuiva, humtoa kila mtu bandani, hata Abdulkarimu, na kufunga mlango. Miaka yote hiyo mume wa watu aliamini mkewe anasoma dua mle ndani, naye husubiri nje kwa adabu zake zote.

Walipofika wote karakanani, Hasna alilifungua gunia mbele yao, kando ya tanuri. Yalikuwa makapi ya mawese, zile nyuzi zinazobaki chikichi zikishakamuliwa, na yalikuwa na unyevu.

"Samaki akikaribia kuiva, tupia haya, ziba bomba, acha nusu saa. Moshi umkolee yeye, si macho yangu."

"Yawe na maji kiasi gani, mama?" Melania aliuliza, kalamu mkononi.

"Kama nguo uliyoikamua ukaisahau kuianika."

Zuhra alishika kiuno. "Shoga! Wateja wananipita mlangoni miaka yote hii, kumbe ni makapi?"

"Ndiyo hayo. Chukua."

Wakafanya hivyo hivyo. Tanuri lilipofunguliwa, harufu ikawavuta wote wakasogea. Zuhra alikula wa kwanza, akala wa pili, wa tatu akamfunga kwenye kanga aende naye. Gasper akalifungua tena daftari lake.

Walipoondoka, Hasna alikaa kwenye kigoda. Ndipo Abdulkarimu alipoelewa alichokitoa mkewe. Kuanzia kesho, mteja hatakuwa na sababu ya kulipita banda la Zuhra.

"Siri ya mama yako, Hasna. Umewapa wote?"

"Mama yangu alikufa haoni, na siri yake hakumpa mtu ila mimi," alisema. "Mimi nataka nikuone unavyozeeka vibaya."

Machozi yakamtoka. Abdulkarimu alipiga magoti mbele yake, akaushika mkono wake.

"Unalia, Mama Shadia?"

Hasna aliliangalia tanuri. Moto ulishazimika, na karakana nzima ilikuwa nyeupe kwa jua, haina hata chembe ya moshi.

"Ndiyo," alisema. "Leo nalia."