Doa la Jumanne

Maharagi yaliungua siku ya Jumanne, saa saba mchana, mimi nikiwa nimesinzia kwenye kiti cha barazani. Moshi ndio ulioniamsha. Nilimkuta mke wangu, Victorine, amesimama mbele ya mbabula, jiko letu la mkaa, mikono kifuani, akiyatazama makaa kama mtu anayetazama mvua. Hakuwa ameogopa. Aliniuliza, "Nani alipika?"

Niliiepua sufuria, nikaiweka chini, nikasubiri ipoe yenyewe. Ni cocotte, sufuria ya chuma kizito iliyovikwa enameli, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Tuliipata kwa familia iliyokuwa ikihama hapa mtaani Bel-Air, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Enameli yenye moto ikimwagiwa maji baridi hupasuka. Hayo hakuna aliyenifundisha. Niliyajua siku nilipokipasua kifuniko chake.

Ilipopoa nikatazama ndani. Doa lilikuwa jeusi, limeganda, pana kama kiganja.

Laurentine, mdogo wake Victorine, alikuwa aje Jumamosi kutoka Kasomeno. Mwezi wa tatu, Victorine alipoisogeza mbabula karibu na pazia hadi likashika moto, Laurentine aliniambia kwa upole, "Shemeki, akiunguza tena kintu, nitamubeba. Atakaa na sisi bandugu yake." Hakukosea. Mke akiugua ugonjwa usioisha, watu wa kwao wana haki ya kumchukua wamtunze. Lakini mimi nisingeweza kumfuata. Mume haishi kwa wakwe zake. Huko angefika kama mgeni tu, apewe kiti, achinjiwe kuku, halafu aage. Hatukujaliwa mtoto. Kwa miaka arobaini na mitatu nyumba hii imekuwa ya watu wawili.

Kuificha sufuria kusingesaidia. Laurentine hupika humo kila anapokuja, angeiulizia kabla hajavua viatu. Basi nilikuwa na siku nne.

Siku ya kwanza niliijaza maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaiacha. Kesho yake asubuhi nilikwangua kwa mwiko wa mti, polepole. Kisu hapana, steelwool hapana. Enameli ni kioo, na kioo kikikwaruzwa hakiponi. Maganda machache yalitoka. Nikaenda kwa jirani yetu Adija, ambaye ana meza ya viungo mbele ya lango lake, nikaomba bicarbonate, magadi ya unga mweupe.

"Papa Godefroid, bicarbonate ya nini? Tumbo?"

"Ya sufuria."

"Eh, muzee wa kazi ya reli anasugua sufuria. Tutaona mengi Bel-Air hii." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ameunguza tena?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Nikamwonyesha kiganja changu. Akanipimia vijiko vitatu, akaongeza cha nne.

"Laurentine hatajua kwangu," alisema. "Mais weye utamuficha mpaka siku gani?"

Niliichukua bicarbonate, nikarudi nyumbani.

Jumatano hiyohiyo nikachemsha maji na ile bicarbonate kwa moto mdogo, nikiketi pembeni kwenye kigoda. Makapi meusi yakaanza kujiinua, moja hapa, moja pale. Victorine alikuja akaketi karibu nami, akaniuliza ninapika nini. Nikamwambia ninapika maji. Alicheka sana, kicheko chake cha zamani, nami nikacheka naye.

Alhamisi nikatengeneza uji mzito wa bicarbonate na eau oxygénée, ile dawa ya famasi ya kuoshea vidonda, nikapaka chini yote, nikafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Ijumaa nikaosha. Lilikuwa limebaki doa hafifu, rangi ya chai iliyomwagika. Nilisema moyoni, hili si kitu. Sufuria ya miaka hiyo yote lazima iwe na rangi kidogo. Nikaiweka nje juu ya kichanja cha vyombo ikauke. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi asubuhi nilimwomba Adija akae na Victorine, nikaenda kumpokea Laurentine zinaposimama gari za barabara ya Kasenga, inayopita Kasomeno. Tulirudi kwa mguu, nikimbebea kikapu cha samaki wakavu. Alinipa habari za mvua na za watoto wa dada zake. Adija alitupokea langoni, uso umekunjuka.

"Ingieni muone. Anafanya kazi kama musichana. Nimemuacha tu, nimefurahi kabisa."

Tulizunguka nyumba. Victorine alikuwa amechuchumaa karibu na bomba, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Mkononi alishika kipande cha gunia, kando yake majivu na mchanga. Alikuwa akiisugua cocotte.

Nisimlaumu Adija. Nani angemzuia? Victorine alilelewa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na huko msichana hufunzwa hivyo hivyo, kwa mchanga na majivu, mpaka aluminium iwake kama kioo na wapita njia wajue mama wa nyumba ile ni nani. Mikono yake haikuwa imesahau. Ilichosahau ni kwamba ile haikuwa aluminium.

"Karibu, mama," Victorine akamwambia Laurentine. "Usinipe mukono, niko na majivu. Mudogo wangu anakuja leo. Akikuta sufuria chafu, atasema nini?"

Laurentine alimsogelea. Halafu akasema, "Hatasema kintu, yaya."

"Haumujui weye. Ule ana mudomo."

Laurentine akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Alichuchumaa, akaichukua sufuria, akaisuuza. Ule weupe wa ndani ulikuwa umekwisha. Chini palikuwa pa kijivu, pamekwaruzika pote. Doa la maharagi halikuonekana tena, hata alama.

Laurentine akainua macho. "Shemeki, tangu mwezi wa tatu, ameunguza kintu?"

Adija aliangalia kandambili zake. Neno moja lingetosha, na lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamtazama mke wangu akisafisha mikono kwenye maji ya ndoo. Maji yalikuwa mekundu. Mchanga ulikuwa umemchuna ngozi ya vidole, naye aliendelea kuvisugua bila kukunja uso, kama vile vidole ni vya mtu mwingine.

"Jumanne," nikasema. "Maharagi. Nilikuwa nimelala. Siku zote hizi nimeisugua ile sufuria usione."

Laurentine hakuinua sauti. "Ungeniambia tu, shemeki. Singekugombeza."

"Najua."

Tulimfunga Victorine vidole kwa kitambaa safi, mimi mkono wa kuume, Laurentine wa kushoto. Waliondoka Jumapili baada ya misa. Cocotte ilikwenda nao, kwa sababu mwanamke anayerudi kwao hubeba sufuria yake. Nilimweleza Laurentine namna ya kuitumia. Sasa itashika kila kitu, nikamwambia. Mafuta kwanza, moto mdogo, usiiache kavu. Kuosha ni kwa maji ya moto na kitambaa laini. Vidole vibadilishiwe kitambaa kila asubuhi. Chai yake haitaki sukari nyingi. Akikataa kula, usimlazimishe, kaa naye tu, atakula. Laurentine aliitikia kila neno, ndiyo, shemeki, ndiyo, mpaka dereva akapiga honi.

Victorine alikuwa dirishani, sufuria mapajani. Aliniona nimesimama chini, akatoa mkono wake uliofungwa, akaninyoosha kola ya shati.

"Usichelewe kurudi," akaniambia. "Bukari itakuwa tayari saa sita."

"Sitachelewa," nikasema.