Utani wa Msibani

Shomari aliingia barazani kifua mbele, kanzu imepigwa pasi. Kesi aliiona nyepesi. Siwema, mtalaka wake, alikuwa ameolewa na Mbaruku, mtu wa reli, na Mbaruku kahamishiwa Tabora. Sheria kila mtu Kariakoo aliijua: mama akiolewa kwingine, ulezi humtoka ukaenda kwa bibi mzaa mama, na bibi mwenyewe walikwisha kumzika mwezi uliopita. Nani kabaki, kama si baba? Na posho hakuikatisha hata mara moja. Kila Jumamosi akitoka bandarini kubeba magunia, alipeleka kwanza mchele na samaki kwa binti yake Mwamvua, ndipo aende kwake.

Lakini Shomari alikuwa Mzaramo, na wakwe zake Wanyamwezi, watani wake wa jadi. Na mdomo wake, jamani! Siku ya msiba wa bibi alijilaza mlangoni, jeneza lisipite mpaka watani wamlipe. Walipokataa, akapaza sauti: "Hamtoi? Basi hata huyu mtoto si wangu! Mchukueni, mwende naye kwenu Unyamwezi!" Waliokuwa wakilia wakacheka. Mwamvua naye alicheka, akaugeuza utani ule kuwa mchezo wao. Tangu siku ile, Jumamosi ikifika, humpokea kwa "Wewe si baba yangu!" na Shomari hujibu, "Nawe si mwanangu, nilikuokota sokoni!" kisha humbeba juu.

Sasa wazee wawili wa Kinyamwezi wakaapa kwa msahafu, wakayarudia maneno ya msibani neno kwa neno.

Hakimu akamgeukia. "Shomari, ulisema au hukusema?"

"Nilisema, bwana hakimu, lakini ulikuwa utani. Siwema, waambie! Wewe si unajua?"

Siwema akavuta buibui usoni. "Nimeulizwa kama alisema. Alisema."

"Nasaba haina mzaha," hakimu akasema. "Umemkana mwanao mbele ya watu. Ataondoka na mama yake."

Uonevu ulioje! Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua utani ni nini, na wote walinyamaza kama waliomwagiwa maji. Mdomo uliponza kichwa. Shomari alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya watani.

Nje, mizigo ilikwisha pakiwa kwenye mkokoteni wa kwenda stesheni. Mwamvua alikaa juu ya furushi la godoro, na hapana aliyekuwa amemwambia lolote. Alipomwona baba yake akitoka, uso ukamchangamka, akanyosha mikono abebwe.

"Wewe si baba yangu!" akapiga kelele, akicheka.

Shomari akafungua kinywa. Wale wazee walikuwa wamesimama mlangoni, wanamtazama. Akakifumba.

Mbaruku akausukuma mkokoteni. Mwamvua akageuka, mikono bado ameinyosha.

"Wewe si baba yangu?" akasema tena, na safari hii hakucheka.