Lango la Mke Mkubwa

Wewe ungetia tonge kinywani likapita, ukimwona fundi anapachika kibao cha duka juu ya lango la mke mwenzako?

Sahara, mke mkubwa, lilimkwama. Hapo mtaani Waberi nyumba yake na ya Hani zilitenganishwa na ua wa miiba tu, ila ya Hani ilikuwa pembeni, barabara zinapokutana. Mwaka ule baada ya mvua za Elnino, maradhi yalipomaliza mifugo yao, mume wao Abdisalam alikwenda baraza la mji kuomba kiwanja cha Hani, kilichoandikwa cha makazi, kigeuzwe cha biashara. Akakubaliwa. Sahara habari alizipata kwa fundi rangi.

Na rangi yenyewe ya kijani, ile aliyoiomba kwa mlango wake tangu binti yake Idman hajaota meno.

Akakusanya majirani, akapeleka kesi kortini. Hapa ni makazi, alisema. Malori yataleta vumbi, wanaume wageni watatuchungulia uani. Hakuna alilosema la uongo.

"Vumbi umeliona lini, Sahara?" jirani yake Raho akamtania. "Mbuzi wa Jelle hupita hapa kila jioni, hujapiga chafya."

"La mbuzi nimelizoea."

Siku hakimu alipokuja kujionea kiwanja, Abdisalam alipanga viti mbele ya duka, kwa Hani. Wageni wake siku zote hukaribishwa kwanza kwa Sahara. Hani akaleta chai ya maziwa ya ngamia, na kikombe cha kwanza akampa Sahara kwa mikono miwili.

"Karibu, dada yangu."

Sahara akakishika asinywe. Alikuwa akitazama rafu: sabuni za miche, tambi, taa za chemli zimepangwa kwa kimo kama watoto wa madrasa. Kumbe hata kupanga anajua, huyu.

"Nimechoka, mheshimiwa," Abdisalam akasema. "Kama uchungu wake ni huu, kibao kishushwe. Ombi nitaliondoa."

Hani aligeuka, akaanza kuteremsha sabuni mche mmoja mmoja.

"Basi, mama," hakimu akasema, "umepata ulichotaka. Tuimalize kesi?"

Majirani wakamtazama. Chai ilikuwa imeshapoa mkononi. Sahara alikumbuka kule Hadado, enzi za kuhama na mifugo: ngamia aliyebeba nyumba yake ya miti na mikeka ndiye aliyepigishwa magoti kwanza. Abdisalam hushika kamba, akageuka kwake, akauliza, "Mama Idman, tupige kambi wapi?" Yake ikisimama, ndipo ya Hani ifuate.

"Acha sabuni, Hani," akasema. Kisha akamwelekea mume, si hakimu. "Duka likae hapo hapo pembeni. Ndipo penye wateja, hata mimi ningekuonyesha hapo. Nilitaka uniulize tu, Abdisalam. Uniulize mimi kwanza, kama zamani, tupige wapi."